Daftari la Sukari Mbili

Kurasa za kushoto ni za miti.
Gurnaam hukamua cheri moja juu ya kioo,
hufumba jicho, huelekeza kile kidude juani,
husoma: kumi na saba. Keshokutwa, kumi na nane.
Mimi naandika.
Zikifika ishirini tunawaita wachumaji.

Kurasa za kulia ni zake.
Kidole kilekile, bado chekundu kwa maji ya tunda
(nimwambie mara ngapi anawe kwanza,
utamu wa mti usije ukajidai wa damu),
tone jingine, mashine nyingine:
kumi na moja nukta nne.
Naandika.
Hakuna wa kumwita.

Mchumia juani hulia kivulini, wanasema.
Wangu kachumia juani miaka thelathini na mmoja
katika bonde hili la Okanagan,
kivulini kakuta kisahani cha vidonge
na mkewe akimhesabia chapati.

Mwezi wa tano wakamwita chuoni, Kelowna.
Wanajaribu kinywaji cha ketoni,
kitu ambacho ini hujipikia lenyewe
mtu akifunga siku kadhaa, akaishi kwa mafuta yake;
wao wamekitia chupani, ukinywe umeshiba.
"Kufunga bila kufunga," Gurnaam akacheka,
"kama kuoga bila kulowa."
Muuguzi Maarit hakucheka.
Chupa za wiki mbili, kisha nyingine za wiki mbili,
kundi moja la kweli, jingine la kuigiza,
zote chungu, na asijue mtu ipi ni ipi,
hata yeye Maarit.
Na vidonge vyako usiache. Alisema mara tatu.

Nilionja kwa ncha ya ulimi.
Rangi ya kucha, ndiyo ladha yake.
Nikatema uani, kuku wakakimbia.
Yeye akabana pua, akanywa,
nusu saa baadaye akanyoosha kidole bila kuombwa.
Kumi nukta mbili.
Saa nzima: nane nukta tisa.
Akanishika kiuno pale jikoni, mwanamume wa miaka sitini na mitatu,
akanizungusha mpaka kilemba kikalegea.
Magharibi: kumi na moja. Kumi na moja nukta tatu.
Mgeni aliyepita kunywa maji,
hata viatu hakuvua.

Siku baada ya siku nikaandika bonde lile, kilima kile.
Akaanza kuuliza bei. Nikamtajia:
chupa moja, sanduku la cheri daraja la kwanza.
Akanyamaza.
Kesho yake akauliza tena.

Kisha mvua, matunda yakisoma ishirini kamili.
Cheri iliyoiva ni mlevi: sukari yake huvuta maji
mpaka ngozi ipasuke.
(Gurnaam huamka mara nne usiku kwa kiu. Simwambii kitu.)
Helikopta ya kukodi ikaja alfajiri, ikapepea juu ya safu,
matone yakapukutika, naye chini, kwa miguu,
safu hadi safu, siku nne,
akitikisa matawi kwa mikono,
akila dengu baridi popote aliposimama.
Tuliokoa nusu.

Septemba bahasha ikafunguliwa.
Chupa za kwanza ndizo za kweli:
zilishusha, saa chache, zikaaga.
Na zile asubuhi za mvua,
nilizozizungushia duara jekundu,
saba nukta sita, saba nukta moja?
Maji machungu matupu.
Maarit akasema mtu mmoja si utafiti,
tuwangoje wale hamsini na wanane.
Gurnaam akasema basi mnikodishie helikopta.

Miti imepukutika sasa, kurasa za kushoto ni tupu.
Kila jioni anatoka, ati akakague mabomba ya matone.
Mabomba tuliyafunga Oktoba; nilishika ufunguo mwenyewe.
Namwacha aende.
Chupa moja haikurudishwa.
Iko mlangoni mwa friji, nyuma ya achari ya ndimu.
Sijaitupa.
Jana niliikuta imesogezwa.