Orodha ya Mchango

Bwana Mbung'o amekufa. Lori lilipinduka darajani,
njia ya Sikonge, magurudumu juu.
Nami karani nimepewa karatasi nipige taipu kichwa chake:
MSAADA KWA MJANE NA YATIMA WAWILI.

Serikali imesema pole. Imesema pia
marehemu alikuwa wa mkataba, imebaki miezi saba,
na pensheni haimfuati mtu aliyetangulia siku yake.
Bibi yake aliisoma barua amesimama, glavu moja mkononi,
akaniuliza neno la mwisho lina maana gani,
kana kwamba lugha ile ni yangu.

Nikaizungusha orodha mjini.
Jivraj wa dukani, shilingi arobaini,
na deni la unga na mafuta ya taa akalipiga mstari.
Padre wa Kipalapala, ishirini.
Stesheni-masta, kumi, akadai risiti.
Wa klabu walitoa mia, wakagombania nani aandikwe juu.

Kisha akaja Mihambo, wa kijiji kisichokuwapo tena,
kile Bwana alichokihamisha kwa sababu ya malale:
nyumba zikatiwa kiberiti,
mizinga yake ishirini na mitatu ikabaki porini na nyuki wake.
Akaweka kibuyu cha asali mezani.
Nikamwambia, Mzee, hapa tunaandika fedha.
Akasema, Andika asali.
Watoto hawakushika kiberiti.

Nikaandika. Safu ya shilingi nikaiacha wazi.

Usiku, utambi ukikohoa,
nikamkumbuka Sizya.
Lori lile halikujiendesha.
Sizya wa Isevya, aliyeipigia injini mluzi
kama ng'ombe, ivuke matope.
Mkewe, Kalunde, alipewa kofia yake
na mshahara wa siku kumi na moja,
maana alikufa tarehe kumi na moja.
Kwa huyo hakuna aliyenipa karatasi.

Nikatia karatasi mpya mashineni, kaboni katikati,
nikagonga kwa kidole kimoja:
MSAADA KWA WAJANE WAWILI NA YATIMA SITA.
Herufi moja ilitoka, mbili zikaingia;
jina langu nikaliweka chini kabisa, shilingi tatu.

Asubuhi Bwana Mkubwa akaisoma,
akavua miwani, akaifuta,
akaisoma tena.
Sakafuni kibuyu kilikuwa kimeanza kuvuja,
na sisimizi wamekwisha kupanga foleni
bila kuuliza asali ni ya nani.