Maandishi ya Pambizoni

Bi Nehama alinijia Kibokoni na kikapu cha ukindu,
kikapuni mna leso, na ndani ya leso kitabu
kisichokuwa na mgongo.
"Fundi Twalib, wewe washona majuzuu.
Na hiki je?"
Nikakifungua upande wa kulia, kwa mazoea.
Akacheka. "Umeanza vyema."

Sinagogi lao ni chumba cha juu, Makadara,
ngazi kumi na tisa, ya kumi na mbili imelegea.
Kabati moja la mvule. Vitabu mia na arubaini na sita.
Waliovileta kutoka Aden wamekufa, au wamehama;
vitabu havikukatiwa pasipoti, vikabaki
vikinywa chumvi ya hewa,
vikilisha mchwa.

Nikapika gundi ya unga wa ngano, nikaitia karafuu.
Nikatandaza majani makavu ya mwarobaini kila rafu.
Karatasi nyingine ni kama ngozi ya mkono wa nyanya yangu
siku zake za mwisho:
ukiishika, usipumue.
Ijumaa naondoka mimi, adhuhuri. Jua likishuka afunga yeye.
Jumapili twaanza tena, mie na sindano, yeye na daftari.

Vilivyokufa kabisa havitupwi, aliniambia.
Huzikwa.
Sikumjibu. Marehemu baba alikuwa na gunia la kurasa chakavu,
na jembe, na mahali anapopajua yeye tu.

Siku moja akanisomea kwa sauti.
Herufi zile kwangu ni misumari, lakini sauti!
Sauti ilikuwa Kiarabu,
Kiarabu cha chuoni kwa maalim, kimevaa kanzu ya mtu mwingine.
Nikaimalizia sentensi kabla yeye hajafika nukta.
Tukatazamana kama wezi.

Kisha kitabu cha tisini. Ukurasa una ramani ya maji,
na pambizoni wino wa kahawia, mkono wa mtu mwenye haraka.
Bi Nehama akavaa miwani, akavua, akavaa.
"Si Kiebrania. Si Kiarabu. Irabu hazimo.
A-s-y... n... m-w-v-l..."
Akarudia. Mimi navuta uzi, sisikilizi sana.
"...m-w-v-l... a-s-k-z-m..."
Sindano ikanidunga.

Kiswahili, Bi Nehama! Kiswahili chetu hiki hiki!
*Asiye na mwavuli asikiazime.*

Akaketi juu ya kreti la soda, akacheka hata machozi.
Basi vilikuwa vikiazimwa! Vikishuka ngazi hizi,
vikipita mitaani kwenye mvua ya mwaka, chini ya kwapa la mtu,
na mtu huyu, jina hakuliandika,
alikipokea kimoja kimerowa, akakasirika,
akakamata kalamu.

Siku hizi kabati hufunguliwa Jumatano, saa nane hadi magharibi.
Aja mwalimu wa Tononoka, waja wanafunzi wawili watatu,
aja bwana mmoja anusaye tu majalada kisha aende zake.
Atakaye kuazima, jina lake laingia daftarini.

Nyuma ya mlango nimepigilia msumari.
Mwavuli ni wangu. Ubavu mmoja umevunjika,
lakini wafunguka.