Egemeo

Aprili, Kakheti. Nazibrola anafunga mizabibu
nguzoni, kwa vitawi vya mierebi.
"Huu hauna uti wa mgongo," asema,
"huazima wa jirani."

Juu ya fundo, konokono:
hana hata mfupa wa kumkwama paka,
nyama na maji tu, na nyumba kaibeba.
Anapanda.

Jana miche ya nyanya dirishani ililegea,
shingo chini kama waliofumaniwa;
kikombe kimoja cha maji,
leo imesimama dede.

"Na wewe, bibi?" auliza Luarsabi.
Ajigonga nyonga. "Chuma. Cha hospitali ya Tbilisi.
Kitanizidi umri."

Kazi ikiisha, anataka kuinuka.
Chuma kimenyamaza.
Mkono wake unapapasa hewani, unatafuta bega la mtoto,
unalipata. Limekaza.