Matufaha ya Hombolo

Swali nililitunga mwenyewe, chaki mkononi,
siku upepo wa Agosti unatumwagia vumbi madirishani:
Mama ana matenga ishirini na manne ya zabibu.
Ameuza robo tatu Dodoma mjini.
Theluthi ya yaliyobaki imeoza.
Amebakiwa na mangapi?

Zabibu, niliandika. Darasa la saba lote linazijua.
Msimu wa mavuno wanakuja shule na vidole vya zambarau,
na sare walizovaa zimetoka kwenye mizabibu ile.

Usiku, kwa taa ya sola, nikasahihisha.
Daftari la kwanza: manne. Vema.
La pili: manne. La tatu, vema.
La tano, peni ikasita.
"Kwa hiyo mama amebakiwa na matufaha manne."
Matufaha?
Nikarudi la kwanza. Matufaha.
Madaftari kumi na manne, miandiko kumi na minne,
na shamba moja la matufaha
limeota kwa usiku mmoja katika kata isiyojua baridi.

Nilijua yalikotoka.
Simu ya baba ikishapata chaji, mtoto anauliza,
jibu linashuka lote, limemenywa, limetafunwa.
Sisi tulipiga chabo kwa kupinda shingo,
na shingo ikauma hadi jioni.
Shingo za hawa haziumi.

Kisha daftari la Nyemo Chilewa.
Jibu: hasi mbili.
Amefuta na kufuta mpaka karatasi imetoboka.
Ametoa theluthi ya matenga yote, nane,
kwenye sita,
akafika mahali ambapo hesabu haina sakafu.
Chini, kwa penseli:
"Mwalimu, hii haiwezekani.
Au mama anadaiwa matenga mawili?
Nimeuliza kwenye simu ya kaka.
Sikuomba jibu, niliuliza nimekosea wapi.
Bando likaisha."

Nilicheka peke yangu.
Kisha sikucheka tena,
maana kando ya rundo lile lilikuwepo andalio langu la somo,
nadhifu, nililolipakua Jumapili,
na kwenye kona, sikuwa nimeiona,
jina la shule moja ya Njombe.
Zana za kufundishia: matufaha halisi, sita.

Sikumchapa mtu.
Asubuhi niliandika ubaoni:
Wenye matufaha, kesho myalete.
Walicheka, wakatazamana, wakakoma kucheka.

Aliyeleta ni mmoja, Ndahani,
mtoto wa fundi baiskeli,
limefungwa gazeti, limebonyea upande mmoja.
Alimtuma baba yake soko la Majengo
akatoa pesa yake ya mihogo ya wiki nzima.
"Epo lenyewe hili, mwalimu," akasema,
kama mtu anayelipa deni.

Tukaazima kisu kwa mpishi wa uji.
Robo nne. Robo tatu tukaziuza
kwa meza ya mbele, kwa bei ya kelele,
zikaliwa hapo hapo hadi mbegu.
Ikabaki moja, inageuka kahawia.
"Theluthi," nikamwambia Nyemo.
Akashika kisu, akasita.
"Ya hii? Si ya lile zima?"
Sikujibu. Ndahani naye hakujibu,
ingawa alikuwa na manne yake, sahihi, ya wino wa bluu.
Nyemo akakata vipande vitatu vyembamba kama ukucha,
akakitupa kimoja mlangoni, kuku wakakigombania.
"Kimeoza hicho," akasema,
akaketi, akaanza kufuta tena.

Usiku ule niliandika andalio kwa mkono.
Lengo la somo, nikaliandika.
Zana, nikaziandika: zabibu, kisu, deni.
Kwenye hatua ya tatu nikakwama,
na simu ikawaka mezani bila mtu kuigusa.
Niliitazama kitambo.
Nikaigeuza kifudifudi.
Bado nimekwama.