Swali la Saba

Tuko sita juu ya duka la dobi, Hakodate,
theluji imeziba dirisha hadi nusu,
na Wakana, kalamu sikioni, anagawa kazi:

kwanza, kanuni ya pigo, linamega uhai kiasi gani,
na bahati ina mkono gani humo.
Pili, mitego: zimwi lililolala hunasika upesi kweli,
au tunajidanganya, kama abonyezaye lifti mara kumi?
Tatu, mayai. Nne, ukungu. Na kadhalika.
Humu hakuna "nadhani," asema.
Leta majaribio mia tano, au nyamaza.

Basi tunahesabu. Kyosuke amelitwanga joka la matope
mara mia tatu na kumi na mbili, pigo lile lile,
namba anaziandika nyuma ya risiti za tambi.
Mimi nimepewa mayai.
Yai halina haraka.

Swali la Tatsuki ni la saba, la mwisho,
Wakana aliliandika kwa penseli, shingo upande:
zimwi uliloliachia porini,
ukipita tena pale, linakujua?

Saa tisa usiku, wenzangu wanakoroma.
Nimeliachia langu la kwanza, lile la mkia uliopinda,
nikatoka, nikarudi, nikatoka.
Mara arobaini na moja halikugeuka.

Ya arobaini na mbili, liligeuka.

Huenda ni bahati tu. Sampuli ni ndogo.
Sijaandika kitu.
Wakana akiamka nitamwambia
mayai bado.