Kabla Lori Halijaondoka

Haya, sogeeni chini ya bati. Mvua ya Tukuyu haina adabu,
haingoji mtu amalize sentensi.
Dereva amenipa dakika kumi.
Magodoro yameshafungiwa turubai,
ndoo zenu zinagombana huko juu kama wake wenza.
Hotuba ya mkuu wa chuo mmeisikia.
Mimi ninayo machache, na hayamo kwenye mtihani.

Lusubilo, wewe wa Kandete: chaki zitunze kifuani,
ndani ya sweta, kama unavyobeba kifaranga mgonjwa.
Kule ukungu huingia darasani bila hodi,
huketi dawati la mbele,
na chaki iliyolowa haiandiki ila kimya.

Tumpe, jifunze majina yao kabla ya irabu.
Si "wewe wa nyuma", si "we mwenye sweta bovu".
Wala usicheke jina refu:
huenda bibi yake aliliomba kwa Mungu miaka saba.

Andalio la somo andikeni, ndiyo,
safu zote, malengo, zana, tathmini,
mkaguzi hapati usingizi akiona safu tupu.
Lakini ndama wa jirani akiingia darasani
msimtafute ndama kwenye andalio.
Fundisheni ndama.

Mwaka wangu wa kwanza, Isongole, niliuliza:
machungwa mia moja arobaini na manne,
watoto tisa, kila mmoja atapata mangapi?
Anyosisye akatazama dirisha.
Nikampa sifuri. Nyekundu. Nikaikoleza mara ya pili
mpaka kalamu ikatoboa daftari.

Jumamosi nikamkuta barabarani, kando ya viazi.
Mnunuzi amejaza lumbesa hadi magunia yameota vichwa,
na yule mtoto, miguu imepasuka kwa baridi, anamwambia:
"Umelipa debe sita, umebeba nane.
Magunia kumi na mawili, debe ishirini na nne ni zetu.
Debe zetu, bosi, au pesa zake."
Hakuwa na kalamu. Hakugusa kidole.
Nikamuuliza, na machungwa je?
Akainama.
"Mwalimu, machungwa sijawahi kuyagawa."

Nilirudi nyumbani na viazi vyangu na aibu yangu.
Viazi viliiva.
Radhi sikumwomba. Miaka ile mwalimu kumwomba mtoto radhi
ilikuwa kama mlima kuinama.
Ninyi inameni. Rungwe hautaporomoka.

Fimbo mtaikuta juu ya kabati la ofisi,
imeng'aa kwa viganja vya waliotangulia.
Iacheni ipate vumbi.

Posho itachelewa. Nasema mapema msije mkaniandikia barua.
Mama mwenye nyumba ataleta ndizi na maziwa ya mgando:
kuleni, mshukuruni, mrudisheni kibuyu kikiwa safi,
na mwanawe akikosea hesabu, amekosea.

Mkiulizwa msilolijua, semeni sijui,
tutaangalia kesho.
Halafu kesho hiyo iwe kesho kweli,
maana mtoto husahau somo zima
asisahau ahadi moja.

Kuna jioni mtakaa kwenye kitanda cha kamba,
taa inakoroma, madaftari hamsini na nane mapajani,
mvua imepoteza njia ya kwenda kwao,
na mtajiuliza nani aliwadanganya kuja huku.
Sina jibu la jioni hiyo.
Mimi nilisahihisha daftari moja, nikalala.
Asubuhi nikakuta mtu ameniwekea kuni mlangoni,
na hadi leo hakuna aliyekiri.

Honi hiyo. Pandeni, pandeni.
Tumpe, kaa upande usio na upepo.
Ndoo ya nani hii imebaki?
Lusubilo! Chaki!
Kifuani, nimesema, siyo begini,
kifuani!