Neno la Kondo

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya mafagio.
Harufu ya dawa ya choo haijatoka mpaka leo,
na kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi
ambayo Shomvi huenda kuimwaga kila saa nne,
ukimkumbusha.

Kazi yangu ni kufungua milango
ambayo wenyewe wamesahau walivyoifunga.
Jumatatu ndiyo mbaya zaidi.
"Fundi, paswedi imenikataa."
Haijakukataa, Editha. Umeikosea mara tano,
na subira ya mashine ni mara tano tu.

Kila baada ya siku tisini nawalazimisha wabadilishe.
Wananuna, kisha wanaongeza tarakimu mwishoni:
jina la mtoto na moja, jina la mtoto na mbili.
Najua, maana wanatamka huku wakibonyeza.
Ngonyani wa ghalani kaliandika la kwake kwenye kalenda ya ukutani,
chini ya tarehe ya kulipa kodi ya nyumba.

Wanadhani ninayo yote, daftarini.
Sina. Hata seva haina.
Neno ukilitia linasagwa,
kinachowekwa ni unga,
na hakuna kinu kinachorudisha unga kuwa punje.
Kesho ukiliandika linasagwa upya,
unga unapimwa kwa unga.
Ukifanana, karibu ndani.

Sasa, Kondo.
Kondo Mwinyigogo, mhasibu, miaka kumi na tisa
katika jengo hili la Kurasini linalotetemeka
kila lori la kontena likikata kona.
Tulimzika Alhamisi, Yombo, viatu vimejaa tope.
Ijumaa, kabla sijavisafisha, mkurugenzi akanipigia:
makontena matatu yamekwama bandarini,
gharama zinapanda kila kukicha,
na karatasi zake zimo kwenye folda ya Kondo.

Ofisi nzima ikageuka waganga wa ramli.
Jaribu jina la mkewe. Jaribu namba ya pikipiki.
Jaribu Mlandizi, si ndiko alikozaliwa?
Editha akasema, chinichini, jaribu langu,
kisha akaenda kunywa maji
na hakurudi mpaka saa nane.

Sikujaribu lolote.
Ninao ufunguo wa wote:
naweza kumpa mtu neno jipya
bila kumuuliza la zamani, awe hai au la.
Ni kubofya mara mbili, kisha mashine inauliza,
kwa adabu ileile inayomuuliza kila mtu:

Una hakika?

Nikakaa.
Ndoo ikajaa, ikaanza kumwaga sakafuni.
Nikibonyeza, unga wake unafagiliwa mbali.
Neno aliloanza nalo kila asubuhi,
kwa kidole kimoja, cha shahada,
polepole kama anayechambua mchele,
kabla ya chai, kabla hata ya kutusalimu,
halitakuwa popote.
Huenda lilikuwa tusi. Huenda dua.
Huenda lilikuwa Editha na saba.

Hatukuwa marafiki, mimi na Kondo.
Mwaka juzi alinikopesha elfu ishirini
mbele ya duka la luku, umeme umenikatikia,
na hakunidai hata siku moja.
Mimi nami nikajifanya nimesahau,
mpaka nikasahau kweli.

Una hakika?

Ndiyo.

Folda ikafunguka.
Karatasi za makontena zilikuwa pale,
zimepangwa kwa tarehe kama meno,
na pembeni faili jingine, si la ofisi: *Wanaodaiwa.*
Majina kumi na saba, na pesa za kila mmoja.
Nilisoma kutoka juu kwenda chini,
kisha kutoka chini kwenda juu.
Langu halikuwamo.

Nikamwita Shomvi aje na tambara.